Mtu Aliyeonja Magome ya Tarime

Walisema hataweza. Katibu kata alisema hataweza kwa sababu jambo lake halimo kwenye mpango wa maendeleo wa kata. Mwenye zamu katika duka la ushirika alisema hataweza kwa sababu ngozi ya kweli hutoka kiwandani, na kiwanda lazima kiwe na bomba la moshi, na yeye bomba la moshi hana. Wazee wa Gorong'a, kijiji chetu, walisema mtu anayelamba miti ana tatizo jingine la kushughulikiwa kabla ya ngozi. Mimi nami nilisema hataweza, ila mimi nilisema kitaalamu, maana wakati huo nilikuwa mtu pekee katika kata nzima mwenye stashahada ya kemia. Sijisifu. Nataja tu kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuitaja.

Tulimwita Bwana Ngozi, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Serikali ilimleta Tarime kukagua ngozi za ng'ombe na mbuzi kabla hazijapakiwa kwenda Mwanza: aangalie kama zimekaushwa vizuri, apige muhuri wa daraja, afunge ofisi. Jina lake halisi lilikuwa kwenye barua za serikali na huko ndiko lilikobaki. Ukimuuliza kwao ni wapi, alikujibu bila kucheka, "Kwetu ni Tarime, ila nilichelewa kufika."

Mimi nilimkuta niliporudi kutoka ng'ambo. Nilikuwa nimeondoka kijijini na suruali moja, nimejisomesha kwa kuchoma mkaa na kuuza maziwa, nikapata nafasi ya masomo kwa alama zangu mwenyewe, nikarudi na sanduku, koti la maabara na cheti chenye muhuri wa nta. Nilipewa kufundisha kemia shule ya sekondari, na nyumba iliyopakana na ya kwake. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia kwenye ua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tafuna hii."

Ilikuwa kipande cha gome. Nilikitafuna kwa heshima, maana sikutaka kuanza ujirani kwa ugomvi. Kinywa kikakauka papo hapo, ulimi ukawa kama kipande cha ubao. Yeye alikuwa amechuchumaa anautazama uso wangu kama fundi anayeangalia saa iliyofunguliwa.

"Limeshika wapi? Ncha ya ulimi au nyuma?"

"Nchani," nilijibu, ingawa neno lilitoka limepinda.

"Asante. Wewe mwanakemia utanifaa. Una kinywa kizuri."

Huo ndio ulikuwa mwanzo, na karibu kila mtu wa pale ana mwanzo wa namna hiyo. Hakuna mgeni aliyeingia kwa Bwana Ngozi akatoka na mate. Aliwatafunisha magome wachungaji wa ng'ombe na wachungaji wa kanisa, akamtafunisha dereva wa basi la Musoma, ambaye safari nzima hakuweza kupiga mluzi. Alimtafunisha hata mkwe mtarajiwa wa jirani siku ya kuja kujadili mahari. Mazungumzo yakaenda haraka mno, kwa kuwa upande mmoja haukuweza kubisha.

Nieleze alichokuwa akitafuta, na nitaeleza kwa lugha nyepesi, kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu, na wanafunzi wangu walifaulu. Ngozi mbichi ni protini: nyuzi ndefu nyembamba zilizosukwa pamoja kama kamba ya mkonge. Vijidudu huzila nyuzi hizo, ndiyo maana ngozi huoza. Kamba za ngozi mbichi ambazo watu walifungia nira na plau zililegea mvua ikinyesha, na zikiachwa nje fisi alizila. Ndani ya magome ya miti fulani zimo molekuli zenye mikono mingi. Zikikutana na protini huishika, mkono huku na mkono kule, uzi huu na jirani yake, mpaka mdudu hana pa kuuma. Ngozi iliyoshikwa hivyo haiozi, na fisi akiinusa anaendelea na safari yake.

Shida ni kwamba miti ni mingi na haina vibao. Kazi yote ni kuichuja: unaipitisha mmoja baada ya mwingine mbele ya protini ile ile, unaangalia upi unashika na upi unapita tu. Huko nilikosoma walifanya hivyo kwa mashine zenye taa. Bwana Ngozi alifanya kwa ulimi, kwa kuwa mate nayo yana protini, na gome linalokausha kinywa limekwisha kuonyesha tabia yake. Ukimwambia jina la mti alikukatiza. "Usiniambie unaitwaje. Niambie unashika nini."

Neno hilo la kushika alilitumia kwa kila kitu. Akipita kwenye harusi alinong'ona, "Hawa hawajashika." Akisikiliza taarifa ya habari redioni alisema, "Hili litashika." Mara nyingi alikuwa sahihi kuhusu harusi.

Njia ya vichupa niliileta mimi, na hilo liandikwe. Nilimwambia ulimi wa mtu huchoka, na ukichoka hudanganya. Tuchemshe mabaki ya ngozi mpaka protini itoke majini, tuchuje tupate supu angavu, tuitie chumvi kidogo. Aliomba zahanati vichupa vitupu vya penisilini, akavipanga dirishani kama askari wa gwaride. Katika kila kichupa supu ile ile. Juu yake matone ya maji ya gome moja. Mti usiofaa uliiacha supu kama ilivyo. Mti unaoshika uliifanya iwe nyeupe kama maji ya mchele, kisha ukungu ukatuama chini. Mara ya kwanza kichupa kilipogeuka mbele ya macho yake alikivulia kofia.

Tulikuwa na mkaguzi wa tatu, naye ni mbwa. Alikuwa mbwa wa rangi ya majivu wa Mama Ghati, mjane aliyelima upande wa pili wa njia, na hakuwahi kukataa kitu kinachotafunika. Bwana Ngozi alimrushia kipande cha ngozi kilicholoweshwa. Akikila, mti ule ulifutwa kwenye orodha. Akikinusa na kumtazama Bwana Ngozi kwa masikitiko, mti ulipanda cheo.

"Mbwa wangu unamnyanyasa," Mama Ghati alimwambia.

"Mama, nimempa kazi ya serikali."

"Mshahara wake uko wapi?"

"Anakula makosa yangu."

Na makosa yalikuwepo ya kumshibisha. Bwana Ngozi alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Kwenye kibanda chake cha ngozi ulikuwapo uvundo wa kumfukuza nzi, lakini yeye mwenyewe alinukia sabuni, hata miaka ile sabuni ilipokuwa haba. Kanisani aliimba sauti ya chini katika kwaya, akakaa dirishani kwa hiari yake, upande ambao upepo unatoka, asije akawa amejisahau. Kazini alikuwa mkali: ngozi yenye tundu la kisu aliipiga muhuri wa mwisho huku akimwuliza mchinjaji kama alikuwa anamchinja ng'ombe au anamfuma. Nyumbani alishindwa kumfukuza kuku mezani. Alihubiri kwamba siku itafika Tarime nzima itavaa viatu vya ng'ombe wake yenyewe, na huku anahubiri alikuwa amevaa katambuga za matairi, zimekwisha upande.

Alisafiri mpaka Ikoma, kando ya mbuga ya wanyama, kutafuta maganda ya mbegu za mgunga, akarudi na magunia. Askari wa wanyama walimsimamisha kila mara, wakidhani kabeba nyama ya porini. Safari moja nilikuwa naye. Askari alifungua gunia, akaingiza mkono hadi begani, akatoa maganda.

"Chakula cha twiga hiki. Unampelekea nani?"

"Protini."

"Anaishi wapi huyo?"

"Tarime," alisema Bwana Ngozi. "Lakini ana ndugu wengi, hata wewe unao."

Askari alituachia, naona kwa kuogopa ukoo mkubwa.

Sasa nifike kwa katibu kata, maana bila yeye hadithi hii isingetengenea. Katibu kata alikuwa mtu mwema mwenye hotuba ndefu. Akianza kueleza kilimo cha pamoja jua liko mashariki, akina mama walijua ugali wa mchana umekwisha kuliwa na maneno. Siku moja mkutano ulifanyika darasani kwangu, wakati wa palizi, na kila mtu alikuwa na shamba linalomngoja. Majani ya chai yalikuwa yameadimika dukani. Bwana Ngozi akajitolea kuandaa kinywaji cha meza kuu: maganda ya mgunga yaliyochemshwa mepesi, rangi ya chai kabisa, na asali ndani.

Katibu kata alikunywa kidogo, akasifu. Akaanza kuhutubia, akanywa tena. Akafika kwenye wajibu wa kila nyumba kumi, akanywa tena. Kisha nikamwona anasimama, anameza, hakuna kinachomezeka.

"Ndugu wana... Ndugu wanan..."

Bwana Ngozi alimmiminia kikombe kingine kwa unyenyekevu. Katibu alikunywa chote. Sauti ikawa ya mlango usiotiwa mafuta, halafu ikakatika. Mwenyekiti wa kijiji alisimama kwa haraka, akasema hotuba imeeleweka, wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikanyooka mpaka ya watu waliokuwa nje. Tulipokuwa tunaosha vikombe Bwana Ngozi alikinusa kikombe cha katibu.

"Umeona? Mzambarau ungemshika nchani, angetema, akaendelea kutuhutubia. Mgunga ulikuwa mwepesi, hakuutambua, ukateremka naye mpaka kooni."

Nilicheka tu. Nakiri kilikuwa kicheko kizuri.

Katika vichupa vyetu mzambarau ndio ulikuwa bingwa. Maji ya magome yake yalipoigusa supu, ukungu ulitokea kabla tone halijazama. Mbwa alipoletewa kipande kilicholowa humo alirudi nyuma. Bwana Ngozi akaamua wakati umefika wa kutoka kwenye vipande kwenda kwenye ngozi nzima, akapita nyumba kwa nyumba Gorong'a kuazima.

Asiyetoka kwetu anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwetu ngozi haitupwi. Hulaliwa, huanikiwa ulezi, na watu hujua ilitoka kwa ng'ombe gani na ng'ombe huyo alitoka kwa nani. Ukiiazimisha umemtoa ng'ombe wako mara ya pili. Mama Ghati alimpa ya dume lake la plau lililoumwa na nyoka. Wengine wakatoa moja moja. Mzee Mwita, ambaye neno lake ndilo lililofunga mijadala, alitoa ya fahali wake mkubwa aliyeletwa kama mahari ya binti yake wa kwanza.

"Nataka kamba za nira," alisema. "Na nataka kumtambua akirudi."

Kwa heshima, Bwana Ngozi alianza na huyo fahali. Alichimba shimo, akalijaza maji ya mzambarau meusi kama wino, makali kupita yote tuliyowahi kutengeneza. Zile nyingine alizitia chumvi zikasubiri zamu. Ngozi ya Mzee Mwita ilipotolewa shimoni ilikuwa nzuri ajabu. Rangi ya kahawia, ngumu, ukiigonga inalia. Bwana Ngozi hakuweza kungoja. Aliibeba begani moja kwa moja mpaka kwenye ritongo, baraza la wazee ambapo wanaume wote wa eneo walikuwa wamekaa, na akamwalika mbwa.

Mbwa alinusa, akageuka, akaenda kulala. Watu wakapiga makofi.

"Nikatie kamba moja," alisema Mzee Mwita.

Kisu kilizama. Ngozi ikafunguka, na ndani, katikati ya kahawia mbili, kulikuwa na utepe mweupe, mlaini, wenye harufu ya kuwasimamisha wazee. Mbwa naye aliinuka. Alikuja mbio, akauma lile jeupe la katikati, akavuta, na mbele ya ritongo zima akaanza kumla fahali wa mahari kutoka ndani.

Vijana walicheka mpaka wakashikana. Mzee Mwita hakucheka.

"Bwana Ngozi, nilikupa fahali. Umenirudishia sambusa."

Halafu wakaamua, na uamuzi wa ritongo haukatiwi rufaa ofisini. Kufikia mavuno ya ulezi, kila aliyeazimisha awe amerudishiwa ngozi yake, imeiva hadi ndani, na Mzee Mwita awe wa kwanza kuhesabiwa kati yao. Akishindwa, afunge mizigo, avuke Mto Mara, asionekane tena Gorong'a wala sokoni Tarime.

Jioni ile alikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu. Hakuleta gome la kunitafunisha, nikajua mambo ni mabaya.

"Omba uhamisho mapema," nilimshauri. "Utaondoka kwa barua badala ya kufukuzwa."

"Niende wapi, mwanakemia? Mimi nimekwisha kufika."

Basi tukakaa na ile sambusa mezani, nikamweleza kilichotokea, na maelezo hayo hata leo sioni pa kuyasahihisha. Molekuli za mzambarau zina pupa. Zinaishika protini ya kwanza zinayokutana nayo, pale pale mlangoni. Zikijaa mlangoni, za nyuma hazina pa kupita. Ni foleni ya sukari ambayo waliotangulia wameziba mlango wa duka, na duka lenyewe halina mtu ndani. Supu ya kichupa haina mlango wala chumba cha ndani, ndiyo maana ilitudanganya. Tulichagua mti unaoshika haraka kuliko yote, na ngozi nene inataka unaojua kuingia kwanza.

Nilipendekeza tuagize dawa za kiwandani kutoka ng'ambo. Nilikuwa na anwani. Bwana Ngozi hakunisikiliza. Alikuwa ameinua uso.

"Katibu kata," alisema.

"Kafanya nini tena?"

"Koo lake, bwana! Koo!"

Nikaelewa, na nikakasirika kidogo kwamba halikusemwa na mwenye stashahada. Maji mepesi ya mgunga hayakukamata ncha ya ulimi. Yaliteremka yakishika kidogo kidogo mpaka mwisho wa njia. Ngozi nayo ingenyweshwa vivyo hivyo: kwanza maji mepesi yaliyokwisha kutumika, yaliyopungua ukali, kisha mazito kidogo, kisha mazito zaidi, na bingwa mzambarau aingie mwishoni kabisa, milango yote ikiwa imekwisha kupitwa.

Tukaanza kuchuja upya, safari hii kwa swali jingine. Tulikata vipande vinene vya shingo, tukavilowesha, tukavikata kwa upana kila vilipotoka majini, kuona rangi ya kahawia imeingia kiasi gani. Magome yaliyokuwa mashujaa dirishani yalishindwa hapo. Maganda ya Ikoma, ambayo vichupani yalikuwa ya katikati tu, yaliendelea kuingia, taratibu, mpaka kahawia ya juu ikakutana na ya chini na weupe ukaisha. Mbwa aliletewa kila kipande upande wa ndani ukimwelekea. Alivyozidi kukosa chakula ndivyo alivyozidi kutuchukia, na mwisho alihamia kwa mchinjaji. Bwana Ngozi aliona hiyo ndiyo barua bora ya kuthibitishwa kazini aliyowahi kupata.

Ulezi ulianza kukomaa. Watu walipita kibandani wakijifanya wanatafuta mbuzi aliyepotea, wakichungulia. "Bado anahamisha maji," walisema. Katibu kata alipita pia, mbali, mkono ukiwa kwenye koo.

Bwana Ngozi amekwisha kufariki, na kuna wanaomkumbuka kwa siku ya ritongo peke yake, siku ya mbwa. Wananikera. Mimi namkumbuka kwa asubuhi ya mavuno, alipowaita wote waliomwazimisha waje kibandani.

Alikuwa amezitundika ngozi kwenye ua, kila moja mahali pake. Hakumwonyesha mtu ya kwake. Alikaa kwenye kigoda akasema, "Tafuteni."

Mama Ghati alitembea polepole kati yao. Alisimama kwenye moja, akapitisha kidole juu ya kovu refu ubavuni, mahali dume lake lilipochomwa pembe likiwa ndama. Akatoa kisu chake mwenyewe cha kuvunia, akaikata ukingoni, akachungulia ndani. Kahawia tupu. Akauma, kwa kuwa mbwa hakuwepo.

"Ni yeye," alisema. "Na kamba zake mvua haitazilegeza."

Wengine nao wakawapata wa kwao: mmoja kwa chapa ya bega, mwingine kwa tundu la mkuki la zamani. Kila mmoja alikata, kila mmoja alinusa, hakuna aliyeamini kisu cha jirani. Ua ukajaa watu waliokumbatia ng'ombe.

Mzee Mwita alibaki mikono nyuma. Kwake hakukuwa na ngozi iliyotundikwa.

"Na mimi?"

Bwana Ngozi aliingia ndani, akatoka na kitu kimekunjwa. Ile sambusa alikuwa ameifungua yote, akakwangua kilichooza, akaokoa tabaka la juu lililokuwa limeshikwa, akalinywesha upya pamoja na nyingine. Ilikuwa ngozi kamili ya fahali, kichwa hadi mkia, ila nyembamba kama shuka, laini, rangi ya kahawa. Alimkalisha mzee kwenye kigoda, akaikunjua mapajani mwake.

"Mzee, fahali wako huyu hapa. Amekonda kidogo."

Watu walisogea karibu. Mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu kichwani umbali wa Mto Mara. Mzee Mwita aliigeuza, akaikunja mara nne, ikakunjika. Akaivuta kwa nguvu zake zote, haikuachia. Akatafuta alama ya pete nyeupe iliyokuwa kwenye paji la uso, akaipata ilipobaki kivuli.

"Amekonda," alisema, "kwa sababu alikaa kwako. Huna mke." Akaanza kucheka, kicheko kilichotoka mbali, mpaka akajifutia macho kwa ile ngozi. "Hii haifai nira. Hii nitaivaa. Nitakwenda nayo kwa wakwe, waone mahari yao inavyonipendeza."

Akasimama, akampa Bwana Ngozi mkono mbele ya wote, na hapo ikawa hakuna mtu Gorong'a anayemdai chochote. Bwana Ngozi alivuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Haikumsaidia sana, kwa kuwa mzee hakuuachia mkono.

"Nyuma ya ua," alisema, "nimekuja na kitu kwenye mkokoteni. Unafikiri nimechinja asubuhi hii kwa sababu ya njaa? Huyu namtaka mnene."

Nyuma yake Mama Ghati akasema kwamba yeye naye ana ya ndama, na mwingine ana mbili, na mwingine akauliza kama mbuzi wanapokelewa. Bwana Ngozi aliwatazama wote, kisha akanitazama mimi, na jinsi alivyotabasamu nilijua suruali yangu ya ng'ambo haitapona.

"Mwanakemia, beba upande wa mkia. Bado ina joto."

Nikapandisha mikono ya shati, nikabeba.